Edward Steere, Mjenzi wa Mkunazini

Yeyote aliyewahi kuteremka bandarini Unguja na kuvifuata vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka mtaa wa Mkunazini, hakosi kuujua mnara ninaotaka kuuzungumza leo. Umesimama kati ya minara ya misikiti, na kila unapoingia wakati wa sala sauti za waadhini huuzunguka pande zote. Ni mnara wa kanisa kuu la Waanglikana. Ndani ya kanisa hilo, nyuma ya madhabahu, amezikwa mtu aliyelijenga, Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882.

Najua wako watakaouliza mtoto wa chuo, aliyefundishwa alifu na bee kabla ya kufundishwa a na be, ana shughuli gani na kaburi la askofu. Ni swali la haki, nami nimejiuliza miaka mingi. Jawabu langu ni kwamba mtu yule alijenga nyumba mbili. Moja ni ya mawe, nayo ni hiyo iliyoko Mkunazini. Ya pili ni ya maneno, na sisi sote tumo ndani yake, kwa maana lugha hii unayoisoma gazetini, kwa herufi hizi na kwa tahajia hii, ina mkono wake. Na liko jambo la tatu, zito kuliko hayo mawili, nitakalolitaja mahali pake.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha mji huo, akapata udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huo huo akakubaliwa kuwa wakili. Lau angekaa katika kazi hiyo angeishi maisha ya raha na heshima kama mawakili wenzake. Lakini sheria haikumkaa moyoni. Alipenda dini, alipenda vitabu, na alipenda kazi za mikono, mathalan kupiga chapa, ambayo alijifunza mwenyewe. Mwaka 1856 aliingia katika utumishi wa kanisa, na baada ya muda akawa kasisi wa kijiji kidogo cha Little Steeping, katika jimbo la Lincolnshire, mashariki ya Uingereza.

Mwaka 1857 Daktari David Livingstone alirudi kwao kutoka safari zake za Afrika akahutubia vyuo vikuu juu ya mateso ya biashara ya watumwa. Kutokana na hotuba zake ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda bonde la mto Shire na kufa huko kwa homa mwaka 1862. Aliyechaguliwa kumrithi ni William Tozer, rafiki yake Steere. Tozer alimwomba rafiki yake amsindikize, na Steere akakubali, akidhani ni safari ya mwaka mmoja au miwili hivi. Walisafiri mwaka 1863. Kumbe alikuwa anaianza safari ya umri wake wote uliobakia.

Walikaa kwanza mlima Morambala, karibu na mto Shire. Mahali hapo palikuwa na ukungu, maradhi na njaa, na baada ya muda si mrefu walitambua kwamba wakikaa watakwisha. Mwaka 1864 waliondoka wakahamia Unguja. Livingstone alikasirika sana kwa uamuzi huo, akiona wamekimbia. Lakini Tozer na Steere walikuwa wamefikiri vingine. Unguja ndiko zilikoanzia njia zote za kwenda bara, na ndiko ilikokuwa lugha iliyosikika katika njia hizo zote. Anayetaka kusema na watu wa bara, kwanza ajifunze Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa Unguja.

Walimkuta Sultani Majid bin Said akitawala. Unguja ya siku hizo ilikuwa imejaa karafuu na pembe za ndovu, na imejaa watumwa. Sultani aliwapokea vizuri, na haukupita muda mrefu akampa Tozer watoto watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa na shehena ya watu. Watoto hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni ile. Basi hawa wageni waliokuja kufundisha ikawabidi wao kwanza wafundishwe, kwani hawakuwa na neno hata moja la kuzungumza na watoto.

Hapa ndipo kipaji cha Steere kilipoonekana. Alikaa na watu, akasikiliza, akaandika. Hakuridhika na Kiswahili cha sokoni cha kuombea maji na kuulizia bei. Alitaka kujua kwa nini Mswahili husema hivi hapa na vile pale, akazipanga ngeli, akavipanga vitenzi, akawasomea wenyewe alichokiandika ili wamsahihishe. Kisha akakipiga chapa hapo hapo Unguja, kwa mtambo mdogo aliokuwa nao, akiwafundisha vijana wake kupanga herufi za risasi. Mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili vyake vilivyojulikana sana. Kimoja ni cha mafunzo ya lugha kama inavyosemwa Unguja. Cha pili ni mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji, na humo zimo zile tulizolala nazo utotoni: ya punda wa dobi na kima aliyemdanganya papa, ya Sultani Darai na paa wake, na ya shujaa wetu Liongo. Hadithi ambazo nyanya zetu walizisema usiku zikapotea asubuhi, yeye alizitia katika karatasi, na leo zinasomeka.

Wala hakufanya peke yake. Msomaji wa pwani anapaswa kumjua mtu mmoja katika habari hii, naye ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, kadhi wa Unguja na mwanachuoni mkubwa wa zama zake. Sheikh huyu alijitolea kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi kabisa. Alifika Zaburi ya 16 na kazi ikasimama hapo. Shughuli zake zilikuwa nyingi, na tena, kwa maoni ya Steere, Kiswahili cha Sheikh kilikuwa cha juu mno kwa watu wa kawaida waliokusudiwa. Hata hivyo Steere alizipiga chapa zile Zaburi 16, ziwe ukumbusho wa wema wa Sheikh na kielelezo cha lugha fasaha kwa ithibati ya mwenye elimu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kadhi alijua vyema mgeni yule amekuja kufanya nini. Askofu hakuficha kwamba amekuja kuwaita watu katika dini yake, wala kadhi hakuficha yake. Juu ya hayo walikaa pamoja juu ya kitabu cha Nabii Daudi, mmoja akifasiri na mwengine akiandika. Kila mmoja alibaki na dini yake, na lugha ikafaidika. Watu wa leo tunaoogopa hata kupita mlango wa jirani, tujipime na wazee hao.

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, akarudi tena Unguja mwaka 1872, mwaka ambao kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja mwezi wa Aprili, kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Tozer alikuwa amechoka kwa maradhi, na mzigo wa misheni ukamwangukia Steere. Mwaka uliofuata ndio mwaka wa habari kubwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akishurutishwa na serikali ya Uingereza kwa mkono wa balozi wake John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kusafirishwa baharini na kufunga masoko yote ya hadhara ya kuuzia watu. Soko la Mkunazini, lililokuwa kubwa kuliko yote, likafungwa.

Sasa nalitaja lile jambo la tatu.

Nilipokuwa mdogo hapa Mombasa, mwalimu wetu wa chuo alitukataza kuchungulia makanisani, nasi tulitii. Habari za soko la watumwa hatukukatazwa, lakini pia hatukuambiwa. Yalikuwa mambo ya vitabu vya shule ya serikali, na picha zilizokuwemo ziliwaonyesha watu wengine, si sisi. Nikawa mtu mzima nisijue zaidi. Ndipo siku moja nyanya yangu mzaa baba, karibu na mwisho wake, aliponiambia kwa sauti ya chini kwamba nyanya yake yeye hakuzaliwa pwani hii. Aliletwa na jahazi kutoka kusini akiwa msichana mdogo, akauzwa Unguja, kisha akaletwa Mombasa. Alisilimu, akaolewa, akazaa, akafa Mwislamu mwema, na jina alilopewa na mamake halikujulikana na mtu. Nyanya alinisihi nisilitangaze. Amekwisha kufariki siku nyingi, nami nimeona kwamba aliyekuwa akiona haya hakuwa na kosa lolote, na waliokuwa na kosa hawakuona haya.

Basi hilo ndilo lililonipeleka Mkunazini. Nilikuwa nimekwisha kwenda Unguja mara nyingi kwa harusi na kwa matanga, nikipita mbele ya lango lile bila kugeuza shingo. Safari hii niliingia. Kwa mazoea nilivua viatu mlangoni, na mzee aliyekuwa akilinda akatabasamu akaniashiria nivae.

Nirudi kwa Steere. Uwanja wa soko ulipofungwa, sehemu yake ilitolewa kwa misheni na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, na sehemu nyingine ikanunuliwa na Arthur West, mmoja wa wamisheni, kwa fedha zake. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi sita na kitu baada ya mkataba. West mwenyewe alifariki mwaka uliofuata. Steere alikwenda Uingereza, akawekwa uaskofu katika kanisa la Westminster Abbey mwezi wa Agosti 1874, akarudi kuwa askofu, mwalimu, mpiga chapa na msimamizi wa ujenzi kwa pamoja.

Sasa tuliangalie jengo lenyewe, maana limesimama kama kitabu kwa ajuaye kukisoma. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo kuta za nyumba zetu na misikiti yetu kutoka Lamu hadi Kilwa. Mawe yalikuwa yale yale, chokaa ilichomwa kwa namna ile ile, na waashi na vibarua walikuwa wa Unguja. Ukitazama madirisha na matao yake utaona namna mbili zimekutana, ya makanisa ya Kiingereza ya zamani na ya Kiarabu iliyozoeleka Unguja. Ukuta wa nyuma ya madhabahu ni wa nusu duara, na macho ya mtu wa msikitini hayachelewi kukumbuka mihirabu, ingawa ukubwa wake ni mwengine kabisa.

Lakini ajabu ya jengo hili ni paa. Mjenzi yeyote wa pwani anajua kwamba nyumba yetu ya zamani hupimwa na boriti. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya futi 9 au 10, na kwa hivyo vyumba vyetu vilikuwa vyembamba na virefu, na misikiti yetu ya zamani ikajaa nguzo katikati. Fundi hakupenda nguzo. Boriti ndiyo iliyomlazimisha, kwani penye mwisho wa boriti pana haja ya nguzo. Steere alitaka ukumbi ulio wazi wa futi zipatazo 28 kutoka ukuta hadi ukuta, pasi na nguzo katikati. Hapakuwa na boriti ya kuvuka hapo. Mbao za kutoka Ulaya zingeliwa na mchwa, na mabati yangeliwa na kutu ya bahari.

Akaamua kulijenga paa lote kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, likapinda kutoka ukuta mmoja hadi wa pili kama pipa lililopasuliwa kati kwa urefu. Kazi ya namna hiyo hushikiliwa kwanza kwa jukwaa la mbao lililopindwa umbo lile lile, mchanganyiko ukamwagwa juu yake, ukaachwa kukauka mpaka ushikane, kisha mbao zikaondolewa chini. Hiyo siku ya kuondoa mbao ndiyo siku ya mtihani. Paa la pipa husukuma kuta kwa nje. Kuta zikiwa dhaifu hufunguka na paa huteremka lote kwa mara moja. Wengi mjini, Wazungu kwa wenyeji, walitabiri kwamba paa la askofu litawaangukia watu wake. Mbao ziliondolewa, paa likabaki. Ibada ya kwanza ilikuwa imekwisha kufanywa ndani yake Krismasi ya mwaka 1877, wakati kazi haijamalizika, na mwishoni mwa 1879 jengo lilikuwa limefunikwa na kufunguliwa.

Iko hadithi nyingine ambayo kila mgeni huambiwa. Karibu na mlango wa magharibi ziko nguzo ndogo 12, na ukizitazama vizuri utaona zimesimama kichwa chini. Inasemwa kwamba Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha walivyoona wao, na aliporudi akaamua ziachwe zilivyo. Iwe ni kweli ilivyosimuliwa au imeongezwa chumvi, nguzo zipo na kila mtu huziona. Mimi huipenda habari hiyo kwa sababu moja. Mwenye kiburi angezing'oa. Yeye, kama ilivyo habari, aliziacha, na kosa la fundi wa Unguja limekaa kanisani miaka zaidi ya 140 likibeba mzigo wake sawasawa.

Tena husemwa kwamba saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash, kwa sharti mnara usipite urefu wa Beit al-Ajaib. Kuhusu sharti hilo mimi nina shaka, kwani Beit al-Ajaib ilimalizika mwaka 1883, na Steere alikuwa amekwisha kulala kaburini. Lakini kwamba sultani Mwislamu alitoa zawadi ya saa kwa kanisa, hilo ni mashuhuri Unguja, na halina la kushangaza kwa aliyeijua Unguja ya zama zile, ambako Mhindi alitoa kiwanja na kadhi akafasiri Zaburi.

Msomaji asidhani kwamba Steere alikaa mjini tu akisimamia waashi. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka pwani ya kusini hadi nchi ya Wayao, mpaka kwa mfalme Mataka huko Mwembe. Mwaka uliofuata aliongoza kundi la watu walioachwa huru ili kuwarudisha upande wa kwao, na wakapiga kambi wakakaa Masasi, mji ambao mpaka leo unajulikana kwa habari hiyo. Katikati ya safari hizo alilifasiri Agano Jipya lote kwa Kiswahili, na akaandika mafunzo ya lugha za Kishambala, Kinyamwezi, Kiyao na Kimakonde. Alikuwa mtu wa kazi. Maradhi ya joto yalimla kidogo kidogo, na mwishoni mwa Agosti 1882 alifariki usingizini katika nyumba yake, umri wake miaka 54. Walimzika ndani ya kanisa lake, nyuma ya madhabahu.

Madhabahu hiyo nayo ina habari. Huambiwa mgeni kwamba imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa mbele ya wanunuzi. Anayevumilia bila kulia alipanda bei. Sakafuni upo mduara wa marumaru unaoonyesha mahali hapo. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nyanya ya nyanya yangu alikuwa msichana mdogo. Sikutaka kufikiri zaidi.

Tuwe na insafu sasa, kwani kumsifu maiti kupita kiasi ni uongo, na kumnyima haki yake ni dhuluma.

Kwanza, Steere hakufunga soko. Soko lilifungwa na mkataba, na mkataba ulitiwa sahihi kwa tishio la manowari. Wala utumwa haukwisha mwaka 1873. Kilichokwisha ni mnada wa hadharani na ruhusa ya baharini. Unguja na Pemba hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria mpaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mpaka 1907. Nyanya ya nyanya yangu alikuwa mtu mzima mwenye watoto alipoambiwa na sheria kwamba hana bwana.

Pili, sisi watu wa Mvita tunayo dukuduku yetu na nyumba ile ya maneno. Kabla ya Steere na wenzake Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mashairi ya pwani hii yalihifadhiwa kwa herufi hizo karne nyingi. Kazi yake ilijengwa juu ya Kiunguja, na ilipofika mwaka 1930 na kamati ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaundwa kusanifisha lugha, ni Kiunguja kilichochukuliwa, Kimvita kikaachwa kando. Ndiyo maana mtoto wetu akisema moya huambiwa amekosea, aseme moja. Hilo nalihisi kama mshairi, wala silifichi. Lakini si haki kumtia Steere katika lawama ya kamati iliyokaa miaka 48 baada ya kufa kwake. Yeye aliandika alichokisikia mahali alipokaa, na alieleza wazi katika anwani ya kitabu chake kwamba hiki ni Kiswahili cha Unguja. Waliokifanya sheria ni wengine. Na sisi tuliokuwa na kalamu tungaliweza kuandika zaidi cha kwetu.

Tatu, na hili ndilo la kwetu zaidi, lile soko lilikuwa na watu. Palikuwa na dalali, na mnunuzi, na mwenye jahazi, na baadhi yao walikuwa Waislamu waliotoka sokoni wakaenda kusali. Wafaransa walinunua, Wareno walinunua, Wahindi walikopesha, na wakubwa wa bara waliuza. Yote ni kweli na yote yameandikwa. Lakini kosa la jirani halinitoharishi mimi. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya dhambi, na aliyetupwa juu ya mchanga wa Makka na jiwe kifuani, kisha akawa mwadhini wa Mtume, alikuwa mtumwa. Tukimpenda Bilali na kulionea haya jina la nyanya aliyeletwa na jahazi, mapenzi yetu yana kasoro.

Nilipokuwa nikitoka niliona uani sanamu za mwaka 1998, za watu watano waliosimama shimoni na minyororo shingoni. Katika jengo la jirani, tangu 2016, kumewekwa maonyesho ya habari za biashara ile. Watoto wa shule walikuwa wakipita, wasichana wamevaa mitandio, mwalimu wao akiwaeleza kwa Kiswahili. Nikaona kwamba watoto hawa wanaambiwa kile ambacho sisi hatukuambiwa, na hakuna aliyekufa kwa kukisikia.

Nimalize kwa habari ya jengo jingine. Siku ya Krismasi mwaka 2020, tarehe ile ile ya jiwe la msingi la Mkunazini, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wakati inafanyiwa matengenezo, na watu 2 wakafariki. Jumba ambalo kila mtu alilisifu lilianguka, na paa ambalo kila mtu alilitabiria kuanguka limesimama. Sisemi hayo kwa kufurahia, kwani Beit al-Ajaib ni yetu na ilinitoa machozi. Nasema kwa sababu mawe ya matumbawe hayajui dini ya mwenye nyumba. Yanajua chokaa, yanajua maji yanayoingia, na yanajua kama yuko mtu anayeyatazama. Misikiti yetu ya zamani hapa Mombasa, Lamu na Malindi ni ya mawe hayo hayo. Tuitazame.

Nilipofika nje ya lango nilisimama kivulini, nikanyanyua mikono, nikamsomea Fatiha yule mwanamke ambaye jina lake la kwanza silijui. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Nikageuka nikaenda msikitini.